Korongo la New River kwa Misimu Yote: Shajara ya Mradi wa Picha

Oktoba, mwanzoni

Mradi umeanza. Lengo ni kupiga picha za maisha ya kila siku na za mahali panapojulikana kusini mwa West Virginia, kuanzia majani yanapobadilika rangi mwaka huu hadi yatakapobadilika tena mwaka ujao. Nitakaa zaidi Kaunti ya Fayette, nikipata nafasi nifike Summers na Pocahontas. Naishi Beckley, nusu saa hivi kwa gari kutoka Korongo la New River. Kazi yangu ni ya zamu ya usiku, kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala mtoni, mimi ndiyo kwanza natoka kazini.

Kwa nini huku? Jamaa zangu wa Lushoto nikiwatumia picha wanauliza hii ni Marekani ipi, mbona hakuna ghorofa. Na Wamarekani wenyewe wa mijini, ukiwatajia Appalachia, yaani ukanda huu wa milima, wengi wana picha moja tu kichwani: kibanda cha mbao kinachoanguka, mtoto peku mwenye uso mchafu, mzee asiye na meno. Picha hiyo ina historia yake, nitaieleza mbele. Mtu aliyekulia kijijini kwetu anaitambua haraka, maana nasi tumepigwa picha za namna hiyo miaka mingi na wageni waliosimamisha gari dakika tano wakaondoka.

Utaratibu niliojiwekea ni huu. Sipigi mtu picha kabla hatujazungumza. Picha ikisafishwa, nakala ya kwanza ni ya aliyepigwa. Na kila mahali nitakapopiga lazima nirudi msimu mwingine, kwa sababu mlima wa Oktoba na mlima wa Februari ni milima miwili, na anayeondoka na mmoja ameondoka na nusu ya habari.

Vifaa: kamera ya dijitali, lenzi ya milimita 35 na ya milimita 85, stendi, na kamera ya zamani ya filamu niliyoinunua kwa jirani aliyekuwa akiuza vitu vyake uani.

Oktoba, katikati

Majani hayabadiliki yote kwa pamoja. Rangi inaanzia juu inashuka. Vilele vya Pocahontas vinawaka mwishoni mwa Septemba, halafu wekundu na unjano unateremka polepole hadi kingo za mto mwishoni mwa Oktoba. Mwenye gari na subira anaweza kuufuata msimu huo kutoka kileleni hadi bondeni.

Wiki hii nimekaa na daraja. Daraja la New River Gorge lilifunguliwa mwaka 1977, lina urefu wa mita 924, na kutoka barabarani hadi majini ni mita 267. Tao lake la chuma, mita 518 kutoka mguu hadi mguu, lilikuwa refu kuliko yote ya aina yake duniani hadi Wachina walipojenga la Lupu, Shanghai, mwaka 2003. Kabla ya daraja hili, kuvuka korongo kulikuwa kuteremka kwa kona kali hadi mtoni na kupanda tena upande wa pili, kama dakika 40. Sasa ni chini ya dakika moja. Watu wazima wa huku wanaizungumzia tofauti hiyo kwa uzito, kwa sababu hospitali, shule na shangazi walikuwa ng'ambo.

Kinachonivuta zaidi ni chuma chenyewe. Hakijapakwa rangi kamwe. Kinatengeneza tabaka jembamba la kutu juu yake, na kutu hiyo ndiyo inayokilinda kisiliwe ndani. Kwa hiyo daraja lina rangi ya kahawia inayokaribia wekundu, kama udongo wa barabara ya Soni baada ya mvua, na Oktoba, misitu ya pembeni ikiwa imewaka, lile tao linakuwa sehemu ya msitu.

Ukungu unafuata kanuni moja. Usiku ukiwa hauna mawingu, hewa baridi inateremka kwenye miteremko na kujaa bondeni juu ya mto ambao bado una joto la mchana, na ukungu unazaliwa hapo. Jua likishapanda juu ya ukingo, unaanza kuchanika. Usiku wa mawingu hakuna kitu, afadhali ulale. Picha nzuri nimezipata kwenye njia ya Long Point, kwenye mwamba unaotazamana na daraja, tao likiwa limetokeza juu ya ukungu na mto hauonekani kabisa.

Jumamosi ya tatu ya mwezi huu ni Siku ya Daraja. Magari yanazuiwa, watu kwa maelfu wanatembea juu, na warukaji wenye miavuli wanajirusha kwenda mtoni. Wapiga picha wote walikuwa juu na lenzi ndefu. Mimi nilishuka barabara ya zamani ya Fayette Station nikapiga nyuso za watu wanaotazama juu. Mama mmoja alikuwa amemshika mwanawe bega, midomo wazi wote wawili, na mkononi mwa mtoto soseji imesahaulika. Nilizungumza nao baadaye, wakanipa anwani ya kutuma nakala.

Novemba

Jumatatu ya kabla ya Thanksgiving, sikukuu ya shukrani ya Wamarekani, msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki unafunguliwa, na huku hiyo ni sikukuu kamili. Shule nyingi zinafungwa wiki nzima. Sheria inamtaka mwindaji avae rangi ya machungwa inayong'aa, angalau inchi za mraba 400, na mimi nisiyewinda nimenunua fulana hiyohiyo, maana risasi haiulizi nani ana kamera. Nimepiga picha uwanja wa duka la mafuta saa kumi na moja alfajiri: magari ya wazi nyuma yamepangana, moshi wa kahawa, wanaume na wasichana wadogo waliovaa machungwa wakipanga nani akae bonde lipi. Kulungu mmoja anaijaza friji ya familia nyama ya miezi mingi. Hilo picha za msimu wa uwindaji zinazoonyeshwa mijini hazilisemi.

Sasa niseme habari ya vibaraza.

Kuna bibi mmoja ninayempitia njiani, amenikaribisha chai ya barafu hata kwenye baridi hii. Kibaraza chake kina kiti cha bembea, ndoo ya kuni, na blanketi za viraka alizoshona mwenyewe zimeanikwa kwenye ukingo zipate hewa. Nilipomwomba kumpiga picha akanitazama kwanza. Akasema, "Mwanangu, unataka kunipiga mimi au unataka kupiga kibaraza?"

Swali lile lina miaka sitini nyuma yake. Aprili 1964 Rais Lyndon Johnson alifika Inez, mashariki mwa Kentucky, akaketi kwenye kibaraza cha Tom Fletcher, na picha za siku ile zikawa uso wa vita dhidi ya umaskini, yaani mpango wa serikali yake wa kusaidia maskini. Baada ya hapo wapiga picha walimiminika milimani, na karibu wote walitafuta kibaraza kilekile: mbao zilizolegea, watoto wengi, baba kainamisha kichwa. Fedha nyingine zilikuja kweli na zilisaidia watu, sitaki kulikana hilo. Lakini watu walijiona kwenye magazeti na televisheni wakiwa wameondolewa kila walichonacho isipokuwa shida. Septemba 1967, Jeremiah, Kentucky, mtengenezaji filamu kutoka Kanada, Hugh O'Connor, aliuawa kwa risasi na mwenye nyumba wakati kikundi chake kilipokuwa kimemaliza kumrekodi mpangaji, mchimbaji wa makaa, akiwa kwenye kibaraza. Mpangaji alikuwa amekubali. Mwenye nyumba hakukubali. Kifo kile hakina utetezi, na O'Connor hakuwa mtu mbaya. Ila ukiwauliza wazee wa huku, watakueleza hasira ilitoka wapi.

Mimi nilisoma shule ya msingi ambayo wageni wafadhili waliitembelea. Walitupanga mbele ya darasa lililobomoka, ingawa lile jipya lilikuwa limekamilika hatua chache pembeni. Picha hatukuziona kamwe. Kwa hiyo bibi aliponiuliza, nilimwelewa bila kuelezwa zaidi. Nikamwambia nataka kumpiga yeye. Akaenda ndani, akabadili blauzi, akachana nywele, akarudi akaketi huku ameshika blanketi lenye duara zilizoingiliana, lile aliloliona bora kuliko yote. Lenzi ya milimita 85, mwanga wa kaskazini, uso wake wote uko makini. Kibaraza kinaonekana kidogo nyuma.

Januari

Theluji imekuja na kukaa. Dokezo la kiufundi kwa mtu wa kwetu anayeanza: kamera ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inatia giza, theluji inatoka kijivu. Ongeza mwanga hatua moja, hata moja na nusu. Betri ya pili ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, kwa sababu baridi inainyonya ile ya kwanza haraka.

Majira haya wapiga picha wengi wanakaa nyumbani, nami naona wanakosa kitu. Majani yakiisha, mlima unaonyesha maungo yake: njia za zamani za magari ya makaa, ngazi za mawe zisizokwenda popote, mashimo ya migodi yaliyozibwa. Maeneo ya wachimbaji ya Kaymoor na Nuttallburg, ambayo Julai yamemezwa na kijani, Januari yanasomeka. Kutoka usawa wa mgodi wa Kaymoor kuna ngazi za mbao 821 hadi chini kwenye mitambo, na mtu anayezipanda kurudi ataelewa kidogo siku ya kazi ya mchimbaji ilimalizikaje.

Thurmond nimekwenda wakati theluji inaanguka. Mji huu hauna barabara kuu. Mlango wa benki unafunguka moja kwa moja kwenye reli. Mwanzoni mwa karne ya 20 treni 15 za abiria zilipita kwa siku, makaa ya mabonde yote ya jirani yalipitia hapa, na hoteli zilijaa. Injini za mvuke zilihitaji maji na makaa, na Thurmond ndiyo iliyozipa. Zilipokuja injini za dizeli, haja ya kusimama ikaisha, na watu wakaondoka. Sensa ya 2020 ilihesabu wakazi 5. Stesheni ya mbao ya mwaka 1904 imetunzwa, na treni ya abiria ya Cardinal, inayokwenda kati ya New York na Chicago mara tatu kwa wiki, bado inasimama ikiwa kuna mtu wa kumchukua.

Wengi wanaita Thurmond mji wa mizimu. Sipendi kulitumia jina hilo kwenye maelezo ya picha, kwa sababu hao watano wana moshi kwenye bomba na magari yenye alama za matairi kwenye theluji. Picha niliyoichagua ina treni ndefu ya makaa ikipita mbele ya benki, kila behewa na kofia ya theluji juu ya makaa meusi. Reli inatumika, jamani, msisimame katikati yake kwa ajili ya picha.

Februari

Mwezi huu nimeutenga kwa historia ya Weusi wa korongo hili, nayo ni kubwa kuliko nilivyodhani nilipohamia. Migodi na reli viliwaita Waafrika Wamarekani kwa maelfu kutoka Virginia na Kusini. Carter G. Woodson, aliyezaliwa 1875 na kuja kuanzisha mwaka 1926 Wiki ya Historia ya Weusi, ambayo leo ni mwezi mzima wa Februari, alichimba makaa hapahapa Fayette akiwa kijana. Jioni alikuwa akienda kwa mchimbaji mwenzake, Oliver Jones, askari wa zamani wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe ambaye hakujua kusoma lakini alikusanya vitabu na magazeti, na Woodson akiwasomea wenzake habari za dunia. Baadaye alifundisha Winona, kijiji kilicho juu ya Nuttallburg, na mwaka 1912 akapata udaktari Harvard. Nimepiga picha Winona kukiwa na barafu inayoyeyuka: barabara moja, kanisa, mbwa wawili. Ningetamani kila mtoto anayesoma Kiswahili popote ajue kwamba mwanahistoria yule alianzia kwenye giza la shimo hili na magazeti ya mzee asiyejua kusoma.

Kisha Hawks Nest. Watalii wanasimama pale juu kutazama mto unavyopinda, mandhari nzuri sana, na mimi nimeyapiga. Lakini chini ya mlima ule kuna handaki lililochimbwa kuanzia 1930 ili kuupitisha mto kwenye mitambo ya umeme. Mwamba ulikuwa na madini ya silika mengi mno. Walichimba kavu, bila maji ya kutuliza vumbi, bila barakoa, na vumbi la silika likawaingia wafanyakazi mapafuni. Wapatao 3,000 walifanya kazi humo ndani, na karibu robo tatu yao walikuwa Weusi waliotoka Kusini kutafuta kibarua wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 476 na kupita 700. Wengine walizikwa bila jina. Kuna makaburi yao kando ya barabara kuu karibu na Summersville, mashimo madogo yaliyobonyea ardhini na misalaba midogo.

Nilipiga kwa filamu, mlio mmoja mmoja, bila kuharakisha. Hapa sikutafuta pembe ya ajabu. Nilisimama urefu wa macho ya mtu aliyekuja kuzuru, nikaacha mibonyeo ile ionekane jinsi ilivyo. Picha hii na ile ya watalii pale juu zitawekwa pamoja, ukurasa mmoja. Sioni njia nyingine ya haki.

Machi

Tope. Nimepanga picha, nimesafisha lenzi, nimetuma nakala kwa posta.

Aprili

Kabla ya majani, kuna mti mdogo uitwao redbud unaotoa maua ya waridi yanayoelekea zambarau moja kwa moja kwenye matawi matupu, hata kwenye shina. Kwa wiki mbili hivi kingo zote za barabara zina rangi hiyo juu ya msitu ambao bado ni kijivu. Baadaye kidogo unafuata mti wa dogwood wenye maua meupe. Mwanga wa mawingu ndio mzuri kwa maua haya. Jua kali linayafanya yapauke.

Kinu cha Glade Creek, ndani ya hifadhi ya Babcock, huenda ndicho jengo linalopigwa picha kuliko yote West Virginia. Oktoba kingo za kijito zinajaa stendi tangu usiku. Aprili nilikikuta kitupu, na maji mengi. Watu wengi hawajui kwamba kinu hiki kilijengwa 1976, kwa vipande vya vinu vitatu vya zamani kutoka kaunti mbalimbali: mwili wa jengo unatoka kwenye kinu cha Pocahontas cha miaka ya 1890, gurudumu linatoka kwingine, mashine za ndani kwingine. Niliwahi kusikia mgeni akisema basi si cha kweli. Mimi naona kinyume. Zamani West Virginia ilikuwa na vinu vingi, vingi vyake vimekwisha, na watu wakaamua kuokota mabaki ya vitatu ili kimoja kiendelee kusaga. Na kinasaga kweli, unga wa mahindi unauzwa palepale.

Kwa picha ya maji: filta ya kuondoa mng'ao kwenye mawe yaliyolowa, kasi ya nusu sekunde. Ukizidisha hadi sekunde kumi maji yanageuka moshi na kijito kinapoteza nguvu yake. Lakini picha ninayoithamini ni ya ndani, mwanga wa dirisha ukiangukia mikono ya msagaji wakati anapima unga kati ya kidole gumba na cha shahada kujua kama jiwe limekaa sawa. Unga umejaa kwenye mistari ya viganja.

Huu ndio mwezi wa ramps pia, vitunguu pori vyenye harufu kali vinavyochimbwa msituni. Makanisa na vikosi vya zimamoto vya kujitolea vinaandaa chakula cha mchana: ramps zilizokaangwa na viazi, maharage, mkate wa mahindi, nyama ya nguruwe. Nilikula kwanza, nikaosha vyombo na akina mama, kamera nikaitoa mwisho. Nilipoitoa hakuna aliyegeuza uso.

Mei, mwishoni

Siku ya kupamba makaburi. Familia zinapanda vilimani kwenye makaburi ya ukoo, nyingine zimetoka Ohio na Michigan walikohamia wazazi wao kufuata viwanda, zinafyeka nyasi, zinaweka maua, halafu zinatandika chakula. Makaburi mengi yako ndani ya ardhi iliyokwishauzwa kwa watu wengine, lakini sheria ya jimbo inawalinda ndugu wapite kwenda kuyahudumia. Nilialikwa na familia moja. Sikupiga walipokuwa wakiomba. Nilipiga baadaye, kijana wa miaka kama kumi na mitano akisugua herufi za jiwe kwa brashi na maji huku babu yake akimsomea majina ambayo hayasomeki tena.

Juni

Vimulimuli. Kwenye uwanja wa nyasi nyuma ya ghala, kuanzia saa mbili na nusu usiku, madume wa aina inayojulikana zaidi huku wanaruka chini chini na kuwaka huku wakipanda, kila mmoja akichora alama ya herufi J hewani. Stendi, sekunde 20 hadi 30, ISO 1600, tundu la lenzi f/2.8, zima taa ya simu. Mwenye ghala aliniletea kiti.

Maua ya jimbo, rododendroni, yanaanza mwishoni mwa mwezi huu na kuingia Julai, kwenye kivuli kando ya vijito. Yanataka asubuhi ya ukungu mwepesi.

Julai

Safari ya Green Bank, Kaunti ya Pocahontas, na hapa ile kamera ya zamani imepata kazi yake. Darubini ya redio ya Robert C. Byrd ina kimo cha mita 148 na sahani ya mita 100 kwa 110, kubwa kuliko darubini zote za redio duniani zinazoweza kugeuzwa kuelekea popote angani. Inasikiliza mawimbi dhaifu mno, kwa hiyo kelele yoyote ya kielektroniki karibu yake inaharibu kazi. Tangu 1958 eneo linaloizunguka ni ukanda wa utulivu wa redio, kilomita za mraba zipatazo 34,000. Simu za mkononi kijijini hazishiki mtandao. Ukikaribia darubini, magari ni ya dizeli tu, kwa sababu plagi za injini ya petroli zinatoa cheche zenye kelele ya redio. Na kamera za dijitali haziruhusiwi kupita lango. Filamu inaruhusiwa.

Kwa hiyo nilikwenda na roli za ISO 400, nikatembea chini ya lile jitu jeupe, ng'ombe wanalisha ng'ambo ya uzio, na mzee kwenye trekta akikata nyasi za kukausha. Nilimsubiri amalize mstari, nikaomba. Akasema nipige, ila nimwonyeshe pia trekta, ni la baba yake. Ipo kwenye fremu: marobota ya nyasi, trekta jekundu, na nyuma yake sahani inayosikiliza nyota. Nimezipeleka filamu zikasafishwe, na kusubiri kwenyewe kumenipendeza.

Njiani nilipita Talcott, Summers, penye sanamu ya John Henry karibu na mdomo wa handaki la Great Bend lililomalizika 1872. Masimulizi yanasema alishindana na mashine ya kuchimba mwamba, akaishinda kwa nyundo, akafa. Baada ya Hawks Nest, siwezi kuitazama sanamu ile kwa jicho la mtalii.

Agosti

Bibi wa kibaraza ananiita kwa simu siku hizi. Maharage yamekomaa. Nilikaa naye tukivunja maharage mabichi, aina yenye uzi pembeni ambao lazima uuvute kwanza. Anakata ncha kwa kucha, anavuta uzi mara moja bila kukatika, anavunja mara tatu, vipande vinaanguka kwenye beseni la bati. Mchana chupa za kioo zinachemshwa na kufungwa. Mikono yake nimeipiga kwa karibu sana, milimita 85 tundu likiwa wazi, kucha zimetiwa kijani. Hii nadhani ndiyo picha bora ya mradi mzima.

Clifftop kuna tamasha la kila mwaka la bendi za nyuzi. Fidla na banjo usiku kucha kwenye mahema. Banjo asili yake ni Afrika Magharibi, ilikuja na watumwa, na wapigaji kadhaa wazee wa hapa walinieleza hilo kabla sijauliza.

Septemba

Nimesafisha picha zote zilizochaguliwa, nikazibandika kwenye ukumbi wa kanisa moja kwa wiki moja, kwa ajili ya waliopigwa na majirani zao. Kabla hawajaziona wao, sijampelekea mtu mwingine.

Masahihisho yalikuja mengi na yote nimeyapokea. Mzee mmoja alinirekebisha jina la bonde. Mama wa Siku ya Daraja aliomba nakala kubwa. Bibi alisimama mbele ya picha yake ya Novemba kwa muda, akaikubali, kisha akanitaka niondoe nyingine, ya kamba ya nguo nyuma ya nyumba yake, ambayo mimi niliipenda kwa mwanga wake. Nimeiondoa. Akachagua mwenyewe ya kuchukua nafasi yake: anakoroga rojo la matufaa kwenye sufuria kubwa ya shaba uani na binti zake, mwiko una mpini mrefu kuliko yeye. Ni picha ya kawaida kwa macho yangu, lakini watu wote ukumbini walisimama pale wakitaja majina ya waliowahi kushika mwiko ule.

Maktaba ya mji imeomba seti moja ibaki kwao. Nimekubali, kwa sharti kwamba mtu yeyote aliyepigwa anaweza kutoa yake wakati wowote.

Kilichobaki kabla ya kuanza mzunguko wa pili: maporomoko ya Sandstone maji yakiwa machache, na ghala moja lenye tangazo la tumbaku ya Mail Pouch. Matangazo hayo yalipakwa kwenye maghala kwa ajili ya kampuni ya tumbaku ya mji wa Wheeling, na mchoraji wa mwisho, Harley Warrick, aliyefariki 2000, alipaka kama 20,000 ukihesabu na aliyoyarudia. La huku herufi zake bado zinasomeka, ila paa limeanza kuzama upande wa mashariki na mwenyewe anasema halitavuka theluji nyingine. Amenipa Jumamosi, saa mbili asubuhi, jua likiwa bado linapiga ule ukuta kwa ubavu. Mke wake naye anataka kuwemo, kwa hiyo nabeba lenzi zote mbili.